Ujenzi wa Mji na Njia ya Mfanyakazi

Nchi inayojengwa haikosi vumbi. Barabara haipanuliwi bila kuchimbwa, wala daraja halisimami kabla nguzo zake hazijakita chini. Jambo hili kila mwananchi analifahamu, na hatujapata kumsikia mfanyakazi wa Mwanza akisema kwamba ni afadhali mji ubaki ulivyo ili yeye asichelewe. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi huwekwa kando mipango inapoandikwa, na sisi twaona kuwa lilistahili kuwa la kwanza. Katika siku za kuchimba, ambazo huwa miezi na pengine miaka, mtu aendaye kazini atapita wapi?

Twaliuliza swali hili tukiitazama Kamanga. Kamanga yenyewe iko ng'ambo, katika Wilaya ya Sengerema, lakini gati la pantoni zake upande huu liko katikati ya mji wa Mwanza, si mbali na Jiwe la Bismarck. Hapo kila asubuhi hushuka watu ambao mji hauendi bila wao: kibarua wa ujenzi, mama mwenye ndoo ya dagaa, mwanafunzi, karani wa duka, na mgonjwa aliyeandikiwa barua ya kwenda Bugando. Safari yao majini ni kama nusu saa. Wakishashuka hawahitaji basi lingine, kwani wamekwisha kufika mjini, na miguu yao yatosha kuwapeleka sokoni, ofisini au kwenye kituo cha daladala.

Kusini ya hapo umesimama ushahidi mkubwa wa kazi ya taifa letu. Daraja la J. P. Magufuli, litokalo Kigongo katika Wilaya ya Misungwi hadi Busisi katika Wilaya ya Sengerema, liliwekewa jiwe la msingi Desemba 2019 na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kilomita 3. Mahali ambapo lori na basi vilikuwa vikingoja zamu ya kivuko kwa saa nzima na zaidi, sasa vyapita kwa dakika chache. Kila Mtanzania ana haki ya kulionea fahari daraja hilo.

Lakini liko fundisho jingine katika kazi ile, nalo halikupigiwa ngoma siku ya kufungua. Kwa muda wote wa ujenzi, zaidi ya miaka mitano, vivuko vya Kigongo na Busisi viliendelea kufanya kazi kando ya nguzo zilizokuwa zikipanda. Hakuna aliyewaambia watu wa Sengerema, Geita na Kagera wakae majumbani mwao mpaka daraja liishe. Njia ya zamani ilitunzwa hadi siku ile njia mpya ilipofunguliwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, magugumaji yalipoizonga njia ya vivuko hivyo na safari zikakwama, watu waliona wazi jinsi kunavyokuwa na shida pale njia moja inapoziba na nyingine haijawa tayari. Wakati huo wenye haja ya kufika Mwanza waliikumbuka Kamanga.

Sasa daraja limekwisha, na hapa ndipo twaiona hatari. Watu wengi hudhani kwamba daraja likifunguliwa, gati la Kamanga limekuwa kitu cha kale. Wazee wetu waliliona kosa la namna hii zamani wakasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Basi litokalo Bukoba au Geita limepata faida kubwa, hilo hatulibishi. Lakini mtu wa kijiji cha Kamanga anayeuona mji mbele yake ng'ambo ya maji, je, azunguke kwa gari hadi Busisi, avuke daraja, kisha apitie Usagara, Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni ndipo afike mjini? Nauli ya mzunguko huo ataitoa wapi, na mwajiri gani atamngoja?

Tena tutazame mlango ambao daraja linawapitisha watu hao. Mji wa Mwanza umebanwa na mawe upande mmoja na ziwa upande mwingine. Njia zake kuu za kuingilia katikati ni chache, zikiwamo hizi mbili: Barabara ya Kenyatta itokayo kusini, na Barabara ya Nyerere itokayo mashariki kwa Igoma na Mabatini. Gari lipitalo darajani likielekea mjini kwa kawaida huangukia katika ile ya Kenyatta. Katika miaka hii ya karibuni, daraja la Mkuyuni lilipokuwa likijengwa upya, wakazi wa Nyegezi na Buhongwa waliona jinsi sehemu moja ndogo ya barabara inavyoweza kuchelewesha mji mzima. Mji unakua, na barabara hizi mbili zitachimbwa tena na tena, kwa mabomba ya maji, kwa mifereji, kwa madaraja na kwa kupanuliwa. Ziwa peke yake ndiyo barabara isiyochimbwa. Kulisahau kwa sababu tumepata daraja ni kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango michache, ilhali mafundi wamo katika mwingine.

Wenzetu wa Dar es Salaam walikwisha kuliona jambo hili. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Walikuwapo waliodhani kwamba pantoni ya Magogoni ingekosa abiria. Haikuwa hivyo. Daraja humtoa mtu Kurasini, lakini pantoni humtoa Kivukoni, penye ofisi, soko la samaki na mabasi. Mwenye gari alikwenda darajani na mwenda kwa miguu akabaki kwenye pantoni. Na kivuko MV Magogoni kilipopelekwa Mombasa mwaka 2023 kutengenezwa, watu wa Kigamboni walitambua kwamba njia ya maji ikipungukiwa na chombo kimoja tu, foleni ya miguu huwa ndefu kuliko ya motokaa.

Hata hivyo hatutaki kusema juu ya maji kana kwamba hayana hatari. Mwanza ni mji wenye makaburi ya MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na kufika, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara katika Ukerewe, wakafa zaidi ya watu 220. Misiba hii yatufundisha kwamba watu wakiwa na haraka na chombo kikiwa kimoja, hesabu ya abiria husahauliwa. Kwa hiyo atakayeifunga barabara ya nchi kavu ajue kuwa anawasukuma watu majini. Ni wajibu wake, kabla ya siku hiyo, kuhakikisha kuwa vyombo vimeongezwa na vimekaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, tena kwamba yupo mtu mwenye amri ya kusema: chombo kimejaa, ngojeni kinachofuata.

Tuyatazame na ya mbali kidogo. Jijini Nairobi, barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilijengwa kuanzia 2020 na kufunguliwa kwa magari mwaka 2022. Ilijengwa juu ya barabara ile ile ambayo watu walikuwa wakiitumia kila siku. Wenye magari walipata taabu ya foleni, lakini taabu yao ilikuwa na mwisho wake na malipo yake. Mwenda kwa miguu ndiye aliyebaki akitafuta pa kuvukia katikati ya mashimo na mitambo. Katika mji wa Boston, huko Marekani, wahandisi walichimba handaki kubwa la magari chini ya katikati ya mji, na kwa miaka yote hiyo ile barabara ya zamani iliyopita juu ya vichwa vyao ilishikiliwa kwa nguzo za muda ili magari yaendelee kupita. Kazi ile ilichelewa mno na gharama zake zikapanda mno, wala hatuisifu kwa hayo. Twaitaja kwa jambo moja tu, kwamba kuutunza mji usisimame kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya uhandisi tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mradi unapokosa njia ya muda iliyo safi, gharama haiondoki, bali huhama. Hutoka katika kitabu cha mkandarasi ikaingia mfukoni mwa mfanyakazi. Daladala likiona foleni hukatisha safari nusu ya njia, na abiria hulipa nauli mara mbili kwa mwendo ule ule. Kibarua alipwaye kwa siku akifika saa tatu badala ya saa moja hukuta nafasi yake imechukuliwa. Mchuuzi wa samaki atokaye Mwaloni Kirumba akikwama juani, mali yake huharibika. Mama mjamzito akikwama, hasara yake haina bei. Lakini haya yote hayaandikwi popote. Siku ya kufungua husomwa fedha za Serikali zilizotumika, wala hazisomwi fedha za maskini zilizopotea njiani.

TANU katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, ikawaweka watu mbele. Nasi twasema kwamba barabara iliyojengwa kwa ajili ya watu lazima iwajali watu hata kabla haijakamilika. Kwa hiyo twatoa mashauri manne kwa wote wanaohusika, yaani TANROADS, TARURA, Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela.

Kwanza, pasifungwe njia yoyote iingiayo katikati ya mji kabla njia ya muda haijafunguliwa, ikapitwa na kuonekana kuwa yafaa. Njia ya muda yenye matope hadi magotini si njia.

Pili, njia hiyo iandikwe katika mkataba, na iwe na fedha zake na msimamizi wake. Isiachwe kuwa hisani ya mkandarasi. Na katika njia hiyo mwenda kwa miguu apewe sehemu yake, maana ndiye aliye wengi.

Tatu, gati la Kamanga liingizwe katika hesabu za usafiri wa mji. Pantoni za hapo si mali ya Serikali bali ni za kampuni, na kampuni hutazama mapato. Ikiwa magari yatahamia darajani na mapato kupungua, Serikali isingoje mpaka pantoni ya mwisho ifungwe kamba. Izungumze na wenye vyombo mapema, na kama haja ipo, TEMESA, yenye uzoefu mrefu wa vivuko vya umma, iweke chombo cha waenda kwa miguu.

Nne, wananchi waambiwe mapema. Tangazo lililobandikwa asubuhi ile ile ya kufunga barabara si tangazo, ni habari ya msiba. LATRA itangaze ruti za muda za daladala na nauli zake, ili abiria asitozwe kwa kila kipande.

Haya ni ya Serikali. Lakini Chama chetu hakikuundwa kwa kuidai Serikali peke yake, na wanachama nao wanalo la kufanya. Balozi wa shina katika Mkuyuni, Igogo, Mabatini au Kamanga ndiye ajuaye ni saa ngapi watu wake huondoka majumbani na hupita wapi. Maarifa hayo ayapeleke katika mkutano wa tawi kabla mipango haijatiwa sahihi, wala asingoje kulalamika baadaye. Chama cha wafanyakazi kiseme na waajiri ili mtu aliyecheleweshwa na ujenzi wa taifa asikatwe mshahara kama mtoro. Mfanya biashara ndogo ndogo asipange bidhaa zake katika njia ya muda, kwani anamfungia njia mwenzake. Dereva wa daladala na wa bodaboda wasigeuze shida ya watu kuwa mavuno. Na abiria wa pantoni akiambiwa chombo kimejaa, akubali kungoja, kwa maana anayemzuia anamtakia uhai.

Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, na reli mpya ya kisasa kutoka Isaka, ya kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Kazi kubwa, basi, bado ziko mbele yetu, na kila moja italeta shimo lake na uzio wake. Twazipokea zote kwa moyo mmoja. Tunachodai ni kwamba kila shimo linapochimbwa, kando yake iwepo njia, na kwamba kabla ya mhandisi kuandika siku ya kumaliza, aandike kwanza mfanyakazi wa Kamanga atafikaje kazini kesho asubuhi.