Kuonea Haya Ugali
Wako wana wa Bariadi ambao, warudipo kutoka Dar es Salaam, husifu mkahawa wa Kiitaliano na kuonea haya ugali wa mama zao. Sipingi tambi; napinga dharau. Polenta, isomwayo kwa fahari katika orodha ya mkahawa, ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji: ni ugali. Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, yakafika kwao na kwetu. Yalikuwa riziki ya maskini wa kaskazini ya Italia, wenyewe hawakuyakana. Simiyu ina michembe, viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Nani atavipa heshima, iwapo twavificha mgeni abishapo hodi?