Woga nao unatibiwa

Ndugu watumishi, na ninyi mama mnaotungoja nyumbani,

Kila juma tunakumbushwa kuvaa kofia, miwani na viatu vya kazi. Ni vizuri. Lakini kuna hatari moja ambayo kofia haiwezi kuizuia, kwa sababu inakaa ndani ya kichwa chenyewe: ni wasiwasi uliopita kiasi. Mimi niliuficha miezi saba. Leo nasema wazi: kuuficha ni kosa la usalama, sawa na kuficha ngazi iliyopasuka.

Siku moja jiwe lilianguka toka dari ya shimo, hatua mbili na pahali nilipokuwa nikifunga nguzo. Hakuna aliyeumia. Tulicheka, tukaendelea na kazi. Baada ya wiki chache, ndani ya kizimba cha kutushusha shimoni, moyo wangu ulianza kupiga mbio, mikono ikatoka jasho, pumzi ikawa fupi. Nilifikiri ninakufa. Hali ile ilipita baada ya dakika kumi hivi, lakini ilirudi. Usingizi ukapotea. Nikaanza kutafuta visingizio vya kutoshuka: leo mgongo, kesho msiba. Nyumbani niligombeza watoto bure, na jioni nilikunywa lutuku ili nilale.

Kilichonifungua macho ni siku ile mwenzangu aliponiita nishike kamba, na mimi nimesimama kama mti, sisikii. Aliumia kidole. Kingaliweza kuwa kichwa.

Bibi yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Munganga alipima moyo na damu, akasema: “Moyo wako ni mzima. Unaugua wasiwasi. Nitakutuma kwa psikologu.” Nilikasirika: “Mimi si mwenye wazimu!” Akanijibu: “Na nani amesema hivyo? Aliyevunjika mguu tunamfunga plasta, hatumwiti kiwete.”

Kweli, ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilihesabu watu milioni 301 waliokuwa nao mwaka wa 2019. Wengi wao hawapati matunzo yoyote.

Psikologu hakunipa vidonge. Tuliketi, tukasemezana mara moja kwa juma. Alinifundisha kwanza kwamba woga si adui. Mtu asiyeogopa jiwe linalolia juu yake hafiki uzeeni. Lakini woga wangu ulikuwa kama king’ora kinacholia wakati hakuna moto. Tiba haikati waya wa king’ora. Inakitengeneza kilie kwa wakati wake.

Tuliandika ngazi ya mambo ninayoyaogopa, toka dogo hata kubwa. Kwanza kukaa na kuwaza kizimba tu. Kisha kusimama karibu na mlango wake. Kisha kushuka na mwenzangu, bila kushika kazi. Kila mara nilibaki pale mpaka woga upungue wenyewe. Ginsi hii si uchawi wala jambo la jana. Joseph Wolpe, munganga aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1915, aliwatibu askari waliorudi vitani wakitetemeka, na mwaka wa 1958 alitoa kitabu juu ya kupanda ngazi ya woga kidogo kidogo. Tangu hapo wataalamu wameitengeneza zaidi. Kwa wengi, juma kumi na mbili mpaka ishirini zinatosha. Mimi nilimaliza juma la kumi na nne. Ninashuka. Siku nyingine moyo unapiga kidogo, lakini najua ni king’ora, nami naendelea.

Wengine wananunua diazepamu sokoni. Ndugu, tuache! Dawa hiyo inaleta usingizi na kupunguza wepesi wa mkono. Anayeendesha lori la mawe akiwa ameimeza ni hatari kwa wote. Ikichanganywa na pombe yaweza kuzimisha pumzi. Na aliyeizoea asiiache ghafula bila munganga.

Najua neno linalowafunga midomo: “Nikisema, nitapoteza kazi.” Siwacheki, hata mimi niliogopa hivyo. Lakini munganga amefungwa na siri. Mkubwa wa kazi anapaswa kujua tu kama mtu anaweza kushika kazi yake ao apewe nyingine kwa muda. Na ninyi makapita, ninawaomba: msimcheke anayesema “leo sijisikii kushuka.” Pahali ambapo anayesema anafukuzwa, wote watanyamaza, na mtu aliyenyamaza na woga wake akishika usukani ao baruti, ajali iko karibu. Kampani inayolipa plasta ya mguu ilipe pia saa za psikologu. Itapata faida yake.

Mama wa nyumbani, mukiona bwana halali, anakimbia watu, anakunywa kuliko zamani, musingoje. Mwambieni kwa upole, tena mwende pamoja hospitali. Maombi yanatia nguvu, lakini hayakatazi munganga.

Ndugu, ukiona waya uliochunika, unasema. Ukiona roho yako imechunika, sema vilevile. Kusema kunachunga maisha yako, na ya mwenzako aliyeshika kamba upande wa pili.