Gari ya Kichina: musitume makuta mbele ya kusoma fakitire

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwengine,

Wenzetu watatu, wote wa mjini hapa, waliunganisha makuta ya miaka mine ya kubeba watu kwa pikipiki. Walitaka taksi mpya kutoka China. Muuzaji aliwatumia picha kwa simu, na chini ya picha bei moja tu. Akawaambia wachukue ile ya «full»: paa ya kioo, viti vya ngozi vyenye kupashwa moto, skrini kubwa kama televizyo ya salo. Walilipa. Leo gari iko mpakani, deklarant amepiga hesabu, na makuta hayatoshe.

Tunakasirika, na tunasema wazi: huu ni mtego, na wenye kuutega ni zaidi ya mmoja.

Bei ya kwenye picha ni ya bandari ya China. Dwane haihesabu ushuru juu ya bei ile peke yake. Inajumlisha bei, bima na usafiri, njo inatoza ushuru juu ya jumla. Kisha TVA ya 16% inakuja juu ya vyote, pamoja na ushuru wenyewe. Kodi juu ya kodi! Tuchukue ushuru wa 10% kama mfano. Mapambo ya dola 3000 yanaongeza dola 300 za ushuru na dola 528 za TVA. Ni 3828, bila malipo mengine ya mpakani. Na nani anahitaji kiti cha moto Lubumbashi mwezi wa kumi?

Ukubwa wa gari pia unalipiwa mara mbili. Gari ndogo nne zinaweza kupangwa ndani ya kontena moja ya futi 40, zikipandishwa juu ya vyuma. Jipe kubwa haziingie hivyo. Kila moja inabeba sehemu kubwa ya usafiri, na usafiri ule, kama tulivyosema, nao unatozwa ushuru.

Angalieni na mota. Vitabu vya dwane, dunia nzima, vinagawanya mota za petroli kwa 1000, 1500 na 3000 cc. Mota nyingi za Kichina zinazoitwa «1.5» ziko na 1498 ao 1499, chini kidogo ya mstari. Basi muuzaji aandike namba kamili kwenye fakitire. Akiandika «1.5» tu, mumefungua mlango wa mabishano, na mpakani mabishano yanalipiwa.

Halafu kuna gari zilizotengenezwa kwa soko la China lenyewe. Ziko bei nafuu, na volan iko kushoto kama kwetu, tofauti na zile za Japani. Lakini skrini inasema Kichina, programu inaomba namba ya simu ya kule, na kama ni ya umeme, tundu la kuchaji ni la aina ya China, ile GB/T, haliingiliane na la Ulaya. Dola mulizookoa zinakwenda kwa adapta na kwa fundi.

Kwa gari ya umeme, batri njo bei. Batri ya kwenda mbali ni nzito na ghali, na melini gari yenyewe inahesabiwa kama mzigo wa hatari. Taksi inayozunguka mjini na kulala nyumbani ina kazi gani na batri ya safari ya kilomita 600? Batri ya chuma na fosfati inatosha, na ni ya bei ya chini. Haina kobalti ndani.

Hapo njo moyo unauma. Karibu 70% ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Inapita mbele ya milango yetu ndani ya malori, inavuka mpaka ikiwa unga, na ikirudi ndani ya batri tunaitoza kodi watoto wetu wenyewe. Mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje tangu mwezi wa pili, kisha ikaweka viwango tangu mwezi wa kumi, kusudi bei ipande. Sawa. Bei ya madini inazungumziwa na wakubwa. Bei ya gari ya kijana inazungumziwa na nani?

Tunataka mpakani pawekwe bango la Kiswahili na Kifaransa lenye mfano wa hesabu, tangu bei ya China mpaka franka ya mwisho. Tunataka kila jipe inayonunuliwa kwa makuta ya taifa itangazwe pamoja na mapambo yake yote. Ninyi wauzaji, andikeni mota, batri, tundu na mapambo, kila kimoja na bei yake. Atakayekataa, vijana, musimutumie hata dola moja.

Wenzetu wanapungukiwa dola 2100. Kama wangeacha paa ya kioo na viti vile, gari ingekuwa barabarani. Kila siku inayolala mpakani, parkingi inalipiwa.