Bahari Haihami

Kundi letu la WhatsApp limewaka tena: Jumapili hii branchi, mwezi ujao Diani, kwenda na kurudi siku moja. Wasee, kwani ramani mmeikunja? Isiolo hadi Nairobi ni karibu kilomita 280, Nairobi hadi Mombasa kama 480, halafu bado hujafika Diani. Siku yote itaishia barabarani.

Lakini si kilomita zinazoniuma. Ni yule rafiki anayeandika “niko ndani,” kisha anakopa kwa simu asionekane mnyonge. Namjua vizuri. Mwaka jana alikuwa mimi. Nimeacha chuo kwa kukosa karo, halafu nikakopa ili nile mayai mbele ya bahari! Picha zilipendwa siku mbili; deni nililipa miezi minne.

Branchi yetu iko hapa hapa: anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Chemchemi za Buffalo Springs ziko kaunti hii hii, na wengi wetu hatujazitia macho.

Diani twende, ndiyo, lakini tuchange polepole, tulale huko, na mtu akisema “sina” asichekwe. Bahari haihami.