Nani Kasema Kutembea ni Uzungu?

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa Mchukwi. Nimemaliza kidato cha nne, na mali yangu kubwa ni kaunta buku tatu zenye mswada wa riwaya ambayo bado haijapata jina. Najitambulisha mapema ili mtu asije akasema huyu ni profesa anatuhubiria. Nina ugomvi na wenzangu, na nauleta hapa gazetini kwa sababu kikaoni nilizomewa.

Klabu yetu ya waandishi chipukizi ilikuwa na utaratibu. Mara moja kwa mwezi tunatembea kwa miguu vijijini, hatumfuati mtu wala hatuna shughuli, tunaangalia na kusikiliza tu. Jioni kila mmoja anaandika ukurasa mmoja. Utaratibu huo umefutwa. Aliyeuua ni mshikaji wangu mmoja, fundi wa maneno kweli kweli, aliyesimama akasema: "Mtu mweusi hatembei bila shida. Kutembea kwa kutembea ni uzungu." Watu wakavunjika mbavu, mikono ikanyooshwa, kwisha habari. Pesa ya chai ya matembezi sasa itachapishia fulana.

Jamani, tusidanganyane. Sababu si uzungu, sababu ni mvua.

Matembezi ya mwisho yalikuwa Julai, na tulipigwa na mchoo. Wewe unayesomea haya Kariakoo au Mbagala labda mchoo huujui kwa jina. Ni ile mvua ya wakati wa baridi, inakuja na upepo wa kusi, haina radi wala haraka. Inanyunyiza, inaacha, inarudi, mpaka shati linakuganda mgongoni. Waliojiandikisha walikuwa 19. Waliofika 7. Tulipofika mteremko wa kwanza, pale kichanga kinapokwisha na tope la mfinyanzi linapoanza, wawili wakaita bodaboda. Hao wawili ndio waliokuja kusimama kikaoni kuutetea Uafrika!

Haya, huo Uafrika wenyewe tuutazame. Wazee wa pwani hii walikuwa wakitembea kwenda maulidi vijiji vya mbali, karabai mbele, kasida njia nzima, wakarudi alfajiri viatu mkononi. Walitembea hivyo hivyo kwenda ngomani. Shida gani iliwapeleka? Mwaka 1967 vijana walitembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani. Mwalimu Nyerere naye mwaka huo huo alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Sisemi matembezi yetu ya daftari na kalamu yanafanana na hayo, hata kidogo. Nasema tu kwamba aliyetunga ile kauli ya uzungu hajamuuliza babu yake.

Kuna jambo moja nawakubalia. Siku ile tulipishana na mama mmoja, kuni kichwani na mtoto mgongoni, akatutazama sisi watano tuliolowa tukiwa hatujabeba chochote. Akauliza, "Wanangu, mnapima ardhi?" Tulipomwambia tunatembea tu, akacheka, akapita. Niliona aibu. Pia kabla ya kuingia kitongoji chochote ilibidi tujitambulishe kwa mwenyekiti, maana kundi la vijana wageni vichakani si jambo la kuchekea huku kwetu. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilivuma nchi nzima kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Watu hawajasahau. (Hilo nalo katika klabu yetu hakuna aliyeliandika hata mstari mmoja. Tunaandika mapenzi ya chuo kikuu ambacho hatujakanyaga.)

Lakini aibu ile nayo niliipata kwa kutembea. Nyumbani nisingeipata.

Sasa niwape mambo mawili tu ya siku ile, halafu muamue wenyewe.

La kwanza. Katika klabu yetu mvua ni baraka. Ikishindikana kuwa baraka, ni machozi ya mbingu. Nimehesabu mashairi yetu ya mwaka huu, hakuna mvua ya tatu. Siku ile tulimkuta mzee amesimama chini ya mikorosho yake anatazama juu, mikono nyuma. Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua. Tukamwamkia, akaitika bila kutugeukia. Kisha akasema salfa aliyopuliza juzi yote imeoshwa iko chini, na unyevu huu ndio ubwiriunga unaoutaka, ule unga mweupe unaokausha ua kabla halijawa korosho. Salfa nyingine aliulizia itapatikana kwa pesa gani. Sisi tulikuwa hatuna jibu. Mvua yake haikuwa baraka wala machozi. Ilikuwa hasara inayoshuka taratibu, na mtu anaitazama.

La pili linanihusu mimi na mswada wangu. Riwaya yangu ina sura ya mafuriko, yale ya Aprili 2024 yaliyowakumba watu wa Rufiji na Kibiti. Niliiandika nikiwa kitandani, nikaipenda sana. Maji yalinguruma kama simba, yakang'oa minazi, watu wakapiga mayowe usiku. Mvua ilipozidi tukaomba hifadhi barazani kwa bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe baada ya mafuriko hayo hayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Piteni, msije mkafa na baridi."

Mimi na kiherehere changu nikamwambia naandika kitabu, nikamsimulia ile sura. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mume wangu, nani kakwambia yanakuja kwa kelele? Yale maji ya mto, si gari la moshi. Umelala, unashusha mguu, unakuta ubaridi. Unawasha taa, unaona kuku wamepanda mezani. Hapo ndipo unajua."

Na akaongeza kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Alisema mwanawe mwingine amekwisha kurudi bondeni kulima, kwa sababu maji yakivuta yanaacha tope zuri, na hapo watu hupanda mlau, kilimo cha unyevu uliobaki. Alikuwa msichana mdogo mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ilipowatoa watu bondeni kuwapandisha nchi ya juu, na hata wakati ule, alisema, watu walirudi mashambani wakalala madunguni, juu ya nguzo. Maji yaliyomchukulia nyumba ndiyo yanayomlisha. Alisema bila kulia wala kuyasifu, huku anachambua mchicha.

Nilipofika nyumbani nilichana kurasa 11. Ziliniuma, nisiwafiche, kwani simba wangu alikuwa ananguruma vizuri.

Mnaosema mnaweza kuyapata hayo kwa simu, mnipe namba ya huyo bibi. Mnaosema tutamwalika mzee aje kikaoni atueleze, jamani, mzee akikalishwa kwenye kiti mbele ya vijana 19 atatoa hotuba. Kuku wa mezani hatawataja.

Fulana chapeni, mimi nitanunua yangu. Ila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 1 asubuhi, nitakuwa karibu na hospitali ya misheni hapa Mchukwi, na daftari langu ndani ya mfuko wa nailoni. Atakayekuja aje na ndala za zamani. Viatu vya raba lile tope la mteremkoni linavivua, na Julai iliyopita kimoja changu kilibaki huko.