Chungu cha Jana Hakina Aibu

Katika nyumba zetu za Kalemie kuna kauli inayopita kama hekima, hali si hekima hata kidogo: kwamba nyumba yenye heshima haili chakula kilicholala. Kijana anafunua sufuria asubuhi, anaona bukari na sombe za jana, anafunika tena na kukunja uso kana kwamba ametukanwa. Mama, kwa kuogopa aibu, anamwaga. Wiki tatu baadaye, mwezi unapokuwa mrefu na mfuko mtupu, nyumba hiyo hiyo inalala bila kula, na wa kwanza kulia ni mtoto mdogo ambaye hakuwahi kukataa chochote. Tuseme basi waziwazi: aibu haiko katika chungu cha jana. Aibu iko kwa mtu mwenye akili timamu asiyejua nyumbani mwake kuna nini, aendaye sokoni kununua alicho nacho na kutupa alichokwisha kununua.

Aibu hii tumeirithi kwa nani? Si kwa wazee wetu. Mji huu umeishi kwa chakula cha jana tangu zamani. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavua ndakala usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki pale giza linapokuwa nene. Mbalamwezi ikijaa, nguvu ya taa hupungua na mavuno hupungua pamoja nayo. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za shibe na siku zake za uhaba, na mama zetu wa pwani walilijua jambo hilo bila kalenda ya ukutani. Siku za giza walinunua samaki bei ikiwa imeshuka, wakawaanika juani. Walio wakubwa wakawabanika kwa moshi. Siku za mbalamwezi walipika kutoka katika akiba. Muhogo nao ulilowekwa, ukaanikwa, ukawekwa, ukatwangwa kwa kipimo cha siku. Kupika kwa kutazama kwanza kilichomo ndani si desturi ya kigeni, wala si dawa ya maskini peke yao. Ni elimu ya watu wa ziwa. Anayeona haya kula chakula cha jana na amtazame ndakala mkavu anayemsifu mezani: huyo ni chakula cha jana, tena cha juzi na cha mwezi uliopita.

Upinzani wa kwanza dhidi ya mafundisho haya huvaa mavazi ya imani. Husema: Mungu ndiye mpaji, ya kesho tumwachie yeye, hata mana jangwani ilioza kwa wale walioiweka hadi asubuhi. Ni kweli, ilioza. Lakini wanaotumia kisa hicho husoma nusu yake. Katika sura ile ile ya Kitabu cha Kutoka, watu waliagizwa kukusanya maradufu siku ya sita, na waliyoiweka kwa ajili ya Sabato haikuoza. Lililolaaniwa ni kurundika kwa hofu, si kuweka kwa utaratibu. Na katika Injili ya Yohane, sura ya sita, baada ya umati kushiba, Bwana hakusema kwamba aliyefanya muujiza leo ataufanya tena kesho, basi mabaki na yaachwe nyasini. Aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Ikiwa yeye aliyeweza kuzidisha mikate alijali vipande, sisi tusioweza kuzidisha hata punje tunapata wapi kiburi cha kumwaga?

Lakini kisa cha mana kinawagusa pia wale waliojaliwa konjelateri nyumbani. Wapo wanaoijaza hadi mfuniko haufungi: kuku wa barafu juu ya kuku wa barafu, samaki chini ambao hakuna anayekumbuka waliingia lini. Kisha umeme unaotoka Bendera unakatika siku mbili, na harufu inawajulisha majirani yaliyokuwa yamefichwa. Cha kuvunda hakina ubani. Konjelateri isiyo na hesabu ni kaburi la chakula. Walicholimbikiza kwa kuogopa kesho, kesho imekuja kukichukua.

Upinzani wa pili ni wa heshima: wageni watatudharau. Kwa hiyo katika ubatizo, ndoa, upadrisho na hata matanga, tunapika ili tuonekane, si ili watu washibe. Sufuria inapimwa kwa macho ya jirani badala ya idadi ya vichwa. Jungu kuu halikosi ukoko, ndiyo. Lakini wahenga walisema ukoko, hawakusema nusu ya jungu. Na tusijidanganye kwamba upotevu ni dhambi ya Ulaya na Marekani tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Taarifa hiyo hiyo ilionyesha kwamba, kwa kila mtu, nyumba za nchi tajiri na zile za nchi za kipato cha kati hazitofautiani sana: tofauti ya wastani ni kilo 7 tu kwa mwaka. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba chakula kinachotupwa ni kana kwamba kimeibwa katika meza ya maskini. Nasi maskini huyo hatuna haja ya kumtafuta mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2025, tathmini ya usalama wa chakula iliwahesabu watu karibu milioni 28 katika Kongo yetu waliokuwa katika njaa kali. Kalemie yenyewe iliwapokea kwa maelfu waliokimbia mapigano ya Waluba na Watwa, hasa mwaka 2016 na 2017. Nyingi za familia zilizowapokea hazikuwa na ziada; ziliongeza maji katika maharage na kupunguza tonge la kila mmoja. Walioweza kugawa kidogo walichokuwa nacho ndio wanaotuhukumu sisi tunaomwaga.

Upinzani wa tatu hausemwi kwa sauti, lakini ndio wenye nguvu kuliko yote: hayo ni mambo ya wanawake. Kijana wa kiume anajua bei ya vocha ya simu hadi faranga ya mwisho, wala hajui kopo la unga linagharimu kiasi gani. Anauliza kuna nini cha kula. Haulizi kumebaki nini. Ndugu yangu, anayekula bila kujua hesabu ya chungu ni mgeni nyumbani kwao, na wahenga walikwisha kusema mgeni afanywe nini siku ya tatu: apewe jembe. Kupanga chakula cha nyumba ni uongozi. Asiyeweza kuitunza sufuria moja kwa wiki moja, kwa nini apewe sanduku la fedha la parokia?

Kazi yenyewe si ngumu, ila inadai uaminifu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi jikoni pawe na daftari. Jumamosi, kabla ya mtu yeyote kwenda sokoni, wawili wa nyumba, mmoja wao mvulana, wafungue kabati, magunia na konjelateri, waandike kilichopo na tarehe kilipoingia. Kinachokaribia kuharibika kiandikwe juu kabisa: nyanya zilizolainika, majani ya sombe yaliyochumwa jana, samaki aliyetangulia kuingia. Hicho ndicho kitakachopikwa kwanza. Kisha ndipo iandikwe orodha ya sokoni, nayo ina swali moja tu: ni nini kinachokosekana ili vilivyopo viwe mlo? Mara nyingi jibu ni kitunguu na mawese kidogo.

Sufuria moja ya maharage iliyopikwa Jumapili yaweza kuliwa na wali siku hiyo, na Jumatatu ikaungwa upya kwa nyanya zile zilizolainika, iliwe na bukari. Sombe iliyobaki ikiongezwa ndakala mkono mmoja na kuchemshwa tena, hakuna atakayelalamika. Bukari iliyolala hukatwa vipande na kuchomwa juu ya mbabula, ikaliwa na chai asubuhi. Vichwa na mifupa ya samaki hutoa mchuzi. Na kwa kuwa makala ni ghali, maharage yapikwe mengi kwa moto mmoja, si kidogo kidogo kwa mioto mitatu. Moto nao ni sehemu ya hesabu.

Hata hivyo, uwekevu una adui wawili: upotevu upande mmoja, na ubahili upande mwingine. Ubahili hulisha watu sumu kisha hujisifu kwa akiba. Muhogo mchungu unatufundisha jambo hili kwa machozi. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafula, wala hauponi. Watafiti waliofuatilia baadaye katika eneo la Bandundu walikuta familia zilizofupisha siku za kuloweka muhogo ili upatikane upesi, na sumu ikabaki ndani ya unga. Siku mbili zilizookolewa zililipwa kwa miguu ya watoto. Kwa hiyo pasiwe na kijana atakayepunguza siku za kuloweka kwa jina la kubana matumizi.

Vivyo hivyo, katika joto la mji wetu, chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa mbili kabla ya kuwekwa mahali pa baridi. Siku ya joto kali, saa moja inatosha. Wali hasa ni wa kuogopwa: vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, na sumu inayotengenezwa wali ukiwa vuguvugu haiondoki kwa kupashwa moto tena. Asiye na friji apike wali wa mlo mmoja. Chakula kilichowekwa vizuri kipashwe hadi kifuke mvuke hata katikati, mara moja tu. Umeme ukikatika, konjelateri isifunguliwe: iliyojaa huhifadhi baridi yake kama siku mbili, iliyo nusu kama siku moja. Kilichoyeyuka na kupata joto kisirudishwe barafuni. Na kilichoharibika kitupwe bila kujuta, kwa kuwa kosa lilikuwa katika kuchelewa kukila, na kumlisha mtu hakulifuti kosa hilo.

Hapa niseme neno kwa vikundi vya huruma. Maskini si pipa la takataka. Mtu anayengoja wali uchache ndipo aupeleke kwa mjane hajatoa sadaka, amehamisha uchafu. Fungu la jirani litengwe mapema, chakula kikiwa bado moto, kabla sisi wenyewe hatujachukua vijiko.

Wala mafundisho haya yasipelekwe kwa asiye na kabati. Mama aliyehamishwa na vita au na mafuriko ya ziwa, anayepika mara moja kwa siku alichokipata siku hiyo, ni bingwa wa elimu hii kuliko sisi. Kumhubiria uwekevu ni kumtukana. Na wale wanaosimamia barabara, mishahara na usalama wa mashamba wasije wakajificha nyuma ya sufuria za mama zetu, wakisema njaa inatokana na wananchi wasiojua kupanga. Daftari la jikoni haliwezi kujenga daraja wala kulipa mwalimu mshahara wa miezi aliyodhulumiwa. Tunajifunza kutunza kidogo chetu ili tuwe na haki, na sauti isiyotetemeka, ya kudai kilicho chetu. Mwenye kuhesabu unga wake nyumbani atajua pia kuuliza hesabu ya fedha za umma.

Basi, vijana, anzeni mahali mnapoonekana. Sikukuu ijayo ya kikundi chenu, andikeni majina ya watakaokuja kabla ya kununua kilo moja ya mchele. Pikeni kwa hesabu hiyo na kidogo cha mgeni wa njiani, kwa sababu nyumba ya Kiafrika haihesabu hadi tonge la mwisho. Wekeni watu wawili, mvulana na msichana, wenye kazi ya kusimamia kilichobaki: kiende wapi, kwa nani, saa ngapi. Na atakayecheka kwamba kikundi chenu kimeishiwa, mjibuni kwa upole kwamba kikundi kilichoishiwa ni kile kinachomwaga Jumatatu na kuchangisha Jumanne.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Nyumbani kwenu, ni nani anayejua kilichomo katika kabati leo? Kwa nini ni yeye peke yake?

2. Katika sherehe ya mwisho ya parokia, ni kiasi gani kilitupwa, na ni nani aliyeona?

3. Kikundi chenu kitafanya nini kabla ya mwezi kujaa tena juu ya ziwa, na nani atawajibika?