Vitonge vya Karanga na Tende, Bila Oveni

Mwezi huu twende jikoni tutengeneze kitafunio cha watoto ambacho hakihitaji oveni, wala mafuta ya kukaangia, wala ngano. Ukiwa na kikaango, kinu na mikono safi unaweza. Ni vitonge vya karanga na ufuta vilivyotwangwa, vikashikamanishwa kwa tende na kuviringwa mkononi.

Ninaleta habari hii kwa sababu ya sarafu tunazowapa watoto asubuhi. Sarafu ile huishia getini pa shule, kwenye pipi, lambalamba, ubuyu uliotiwa rangi nyekundu na biskuti. Mtoto hurudi saa nane ulimi mwekundu, tumbo tupu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima kwa siku. Soda moja tu ya mililita 350 huweza kuvipita vijiko hivyo. Mtoto, mwenye mwili mdogo, anahitaji pungufu zaidi.

Vitonge si jambo geni kwa wasomaji wa Biblia. Abigaili alipokwenda kumtuliza Daudi alipakia, pamoja na mikate na kondoo waliotengenezwa, zabibu kavu vichala 100 na mikate ya tini 200 (1 Samweli 25). Mikate ile ya tini haikuwa ya ngano. Zilikuwa tini kavu zilizoshindiliwa pamoja, chakula cha msafiri na askari. Kisha katika sura ya 30 tunamkuta kijana wa Kimisri ameachwa nyikani na bwana wake kwa kuwa alikuwa mgonjwa, siku 3 hajala wala hajanywa. Watu wa Daudi wakampa mkate na maji, halafu kipande cha mkate wa tini na vichala 2 vya zabibu kavu, na nguvu zikamrudia. Kila niisomapo sura hiyo naisoma kama nesi: maji, kisha wanga, kisha utamu wa tunda. Walimhudumia vizuri.

Sasa tuanze na karanga, maana hapo ndipo penye hatari.

Karanga zikivunwa na kuwekwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Mtu akiila nyingi kwa muda mfupi huugua manjano na anaweza kufa. Akiila kidogo kidogo kwa miaka, humwongezea hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini B. (Ndiyo maana nawasihi msikose chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kinga ya homa ya ini B imo ndani yake.) Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa huu, watu 68 wakaugua na 20 wakafariki. Kenya mwaka 2004 walihesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125. Mara zote mbili chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu ni ile ile inayopenda karanga.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kukaanga hakuimalizi sumu hii. Kuvu yenyewe hufa, sumu hubaki. Kwa hiyo ulinzi wako ni macho na vidole. Mwaga karanga mbichi kwenye ungo mahali penye mwanga, uzichague moja moja kama uchaguavyo mchele. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la kijivu, na zenye matundu ya wadudu. Baada ya kukaanga na kupeta maganda, chagua tena, kwa kuwa sasa zile zenye madoa huonekana vizuri. Ukikuta moja chungu mdomoni, iteme.

Ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe. Kuku hudhurika, na kwa ng'ombe sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, kisha unayachemsha maziwa hayo kumpa mtoto yule yule uliyemchagulia karanga. Zifukie.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi sishauri kununua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni kwa mtu usiyemjua. Karanga nzima hujieleza yenyewe. Ikisagwa, nzuri na mbovu zote huwa rangi moja. Nunua nzima, chagua, saga mwenyewe, au kaa karibu na mashine mpaka zako ziishe kusagwa.

Mahitaji ni haya: karanga zilizochaguliwa, kukaangwa na kumenywa vikombe 2, ufuta nusu kikombe, tende zilizotolewa kokwa kikombe 1, chumvi ya kuchota kwa vidole viwili, na ukipenda, unga wa ubuyu vijiko 2 vya chakula. Ubuyu huleta ukali mtamu ambao watoto huupenda, tena una vitamini C, na vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika karanga na ufuta. Nasema unga mweupe wa ubuyu, si ule wa rangi.

Kaanga karanga kwa moto mdogo bila mafuta, ukikoroga bila kuondoka. Wengi huharakisha kwa moto mkali, nje zikaungua na ndani zikabaki mbichi. Ufuta ukaange peke yake mwishoni. Dakika 3 au 4 zatosha, ukianza kurukaruka na kunukia uepue. Ukiungua huwa mchungu na utaharibu kazi yote.

Twanga karanga mpaka zilainike na mafuta yaanze kujitokeza. Zisiwe rojo kabisa. Chenga ndogondogo zinapendeza, isipokuwa kama kuna watoto wadogo mezani, jambo nitakalolieleza. Tia tende kidogo kidogo ukitwanga, kisha chumvi, ubuyu na nusu ya ufuta. Mchanganyiko ukishikana ukiubana kiganjani, uko tayari. Viringa vitonge vidogo kuliko ndimu, uvigaagaze kwenye ufuta uliobaki. Utapata vitonge kama 30.

Kama tende ni ngumu, ziloweke dakika 10 katika maji yaliyochemka, kisha zichuje vizuri. Lakini ujue kwamba umeingiza maji, na maji hufupisha maisha ya chakula. Vitonge vya tende zilizolowekwa viliwe ndani ya siku 2. Visivyo na maji hukaa siku 5 hadi 7 kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na wiki 2 kwenye friji. Kwetu Pwani kwenye joto, karanga huchacha upesi. Ukifungua chombo ukasikia harufu ya mafuta ya zamani, usijipe moyo.

Tende nyingi zinazofika kwetu hutoka Oman na nchi za Ghuba, na huonekana kwa wingi madukani wakati ndugu zetu Waislamu wanapojiandaa kwa Ramadhani. Huo ndio wakati wa kununua na kuweka akiba. Zikikosekana, tumia zabibu kavu. Asali pia hushikamanisha, kama vijiko 3 vya chakula, lakini vitonge vyenye asali asipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka 1. Asali yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, navyo hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Haijalishi asali ni safi namna gani, hata iwe ya Tabora uliyoletewa na shemeji.

Sasa usafi. Uji hata ukiushika vibaya, unachemka. Kitonge hakirudi motoni tena baada ya kuguswa na mikono yako, kwa hiyo kilichoko mkononi ndicho kitakachofika mdomoni. Nawa kwa sabuni na maji tiririka, kata kucha, vua pete. Mwenye kuhara au kidonda kibichi mkononi asiviringe siku hiyo. Akae achague karanga zijazo. Kinu kimwagie maji yanayochemka ukikaushe juani, na kama ndicho unachotwangia kitunguu saumu, tafuta kingine, maana harufu ile haitoki. Wala msidhani kwamba karanga kwa kuwa ni kavu hazibebi maradhi ya tumbo. Marekani, kati ya 2008 na 2009, zaidi ya watu 700 waliugua na vifo 9 vikahusishwa na karanga za kusaga zilizoingiwa na vijidudu vya salmonela kiwandani.

Niseme juu ya watoto wadogo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu nimehudumu wodi ya watoto. Karanga nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka 5. Hana meno ya kuisaga vizuri, anacheka na kukimbia akiwa nayo mdomoni, nayo ina ukubwa hasa wa kuziba njia yake ya hewa. Kitonge nacho hunata. Kwa hiyo wa umri huo usimpe kitonge. Chukua mchanganyiko uliotwangwa laini kabisa, ukoroge kijiko kimoja katika uji wake, au upake mwembamba juu ya mkate. Wakubwa nao wale wamekaa.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Kisipotoka, aliyezidi mwaka 1 simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute ndani na juu mara 5. Wa chini ya mwaka 1 usimbane tumbo kamwe; mlaze kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze ukandamize kifua katikati kwa vidole viwili mara 5. Rudia huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Wenye kisukari huniuliza kama vitonge ni vyao. Kitonge kimoja baada ya chakula, kikihesabiwa, si vibaya. Vitano mbele ya televisheni ni habari nyingine, kwani tende ina sukari nyingi hata kama ni tunda. Lakini mgonjwa wa kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa kwa sababu sukari imeshuka, usimpe kitonge kwanza. Mafuta ya karanga huichelewesha sukari kuingia katika damu. Mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, subiri dakika 15, na kama hajapata nafuu umpe tena. Akipata nafuu ndipo ale kitonge ili sukari isishuke upya. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kwa mtoto mwenye afya wa shule ya msingi, vitonge 2 na maji ya kunywa vinatosha kwa mapumziko ya saa nne. Vina protini karibu gramu 6, kiasi kinachokaribia yai 1, ingawa ya yai ni bora zaidi, na nguvu ya kama kalori 170. Visimwondolee chakula cha mchana.

Baadhi ya akina mama wameanza kuvipeleka shule ya Jumapili badala ya pipi. Ninafurahi, ila waulizeni wazazi kwanza. Wapo watoto ambao karanga kidogo tu huwavimbisha midomo, huwatoa vipele na kuwabana kifua, na huyo ni wa hospitali mara moja. Na wanaofikiria kuviuza kama kikundi, wafike TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, na SIDO kwa ushauri wa wajasiriamali wadogo, kabla ya kuchapisha lebo.

Kwa yule asiyeweza karanga kabisa, chukua mbegu za maboga zilizomenywa na mbegu za alizeti, kikombe 1 kwa 1, ukaange na kutwanga kwa njia ile ile. Hazitoi mafuta mengi kama karanga, kwa hiyo ongeza tende robo kikombe, na ufuta uuache kwanza mpaka uhakikishe haumdhuru. Tumia kinu ambacho hakijaguswa na karanga siku hiyo, au kioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto.